Jibu Lisilokuwemo kwenye Pimamtu

Pimamtu haikuwa na haja ya kukuuliza jina. Ulisimama kwenye bamba lake la shaba pale soko la Ngamiani, nayo ikakusoma kupitia nyayo: umri, afya, mienendo yako ya miaka kumi, hata kama jana ulilala na hasira. Kabla hujamaliza kumenya chungwa, mkopo umeshaingia kiganjani. Mzee mmoja alikuwa ameshuka hapo sasa hivi na idhini ya pampu ya maji, na foleni nzima ikampigia makofi.

Mwanaidi akapanda. Yeye alikuwa muoka mikate, na alichokuja kutafuta ni mkopo wa tanuri-jua, lile linalokusanya mwanga kwenye vioo vyake asubuhi na kuoka nao hadi magharibi. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya waokaji kuomba. Ukikosa leo, mpaka mwakani.

"Umefaulu maswali tisa," Pimamtu ilisema kwa sauti laini, kama ya mtu aliyeshiba. "Limebaki moja nisilolisoma nyayoni. Hali ya makazi. Wewe ni mmiliki, mpangaji, au unakaa kwa hisani?"

"Niko edani," alisema Mwanaidi.

"Jibu hilo halimo."

Watu wakacheka. "Mwenye eda na soko wapi na wapi?" mwanamke mmoja alirusha neno kutoka nyuma.

"Nimetoka kwa haja, shoga. Njoo unikandie unga wewe, mimi nirudi ndani," alijibu Mwanaidi bila kugeuka.

Sefu, mumewe, alimpa talaka moja wiki saba zilizopita. Kwa desturi mke hatolewi nyumbani mpaka eda iishe. Huenda wakarudiana, na hata wasiporudiana, zile ni siku zake chini ya dari ile. Hati ya nyumba ilikuwa na jina la Sefu peke yake, lakini matofali waliyafyatua wawili, naye Mwanaidi akiwa na mimba ya miezi sita. Sasa hapo ni mmiliki? Au mpangaji, na wa nani? Wakubwa waliotunga maswali yale walikaa huko juu kwenye ofisi zao zenye ubaridi, kila mmoja na nyumba zake tatu, wakaona binadamu wote wanaenea kwenye vitufe vitatu. Hawakumwita hata mwanamke mmoja aliyeachwa wakamuuliza.

"Gusa hisani, dada yangu," alisema Mbaruku, msimamizi wa mashine, akijifuta jasho. "Wote walio kama wewe hugusa hiyo. Ni neno tu."

Mwanaidi alinyoosha kidole. Kikabaki hewani. Hakukaa sokoni miaka kumi na tisa kwa kuitikia kila anachoambiwa.

"Pimamtu, neno hili likitoka hapa linakwenda wapi?"

Mashine ile ilitengenezwa isiweze kusema uongo. Kwa hilo tuwape wakubwa wale haki yao.

"Linakwenda kwa Kigawanyo, mashine ya mahakama inayogawa mali za wanandoa. Anayekaa kwa hisani hana fungu katika nyumba. Shauri hufungwa papo hapo."

Foleni ikasogea karibu.

"Wangapi walioachwa wamegusa hisani?"

"Elfu kumi na moja, mia nne na sita."

"Waliambiwa?"

"Hawakuuliza."

Mbaruku alivua kofia. "Wallahi sikujua, dada. Mimi nimeajiriwa kupanga foleni."

"Najua hukujua. Waliokuajiri ndio wanaojua."

Yule mwanamke aliyerusha neno alisogea mpaka kando ya bamba. Hakuwa akicheka tena. "Mimi niligusa mwaka juzi," alisema. "Naitwa Mwanaharusi binti Mwariko. Nifungulie shauri langu."

"Limefungwa."

"Niko na wanangu wanne kwenye chumba kimoja cha kupanga, Mabawa huko!"

"Basi sasa wewe ni mpangaji," ilisema mashine. "Jibu lako limo."

Mwanaidi akamshika Mwanaharusi mkono.

"Muda unakwisha," Pimamtu iliendelea. "Usipojibu, ombi la tanuri-jua litafutwa."

Mwanaidi aliiangalia picha ya tanuri iliyokuwa ikimeta kwenye kioo cha mashine. Aliiangalia vizuri, kwa kuwa alikuwa amelitamani sana.

"Lifute," alisema, akashuka. "Nitaokea mkaa. Twende kwangu, shoga."

"Kwako wapi?"

"Kwangu. Zimebaki siku arobaini na moja, na nitazikaa zote. Utanitajia kila unayemjua aliyegusa. Ila utaandika wewe, mimi kalamu hunipiga chenga. Tukishajaza daftari, tunalipeleka mahakamani kwa binadamu."

Nyuma yao Pimamtu ilimwita anayefuata. Akapanda mwanamume mwenye tenga la vifaranga, akakuna kichwa, akauliza kwanza majibu yake yatakwenda wapi.