Pikapu Isiyobeba Samaki

Kama uko mezani, maliza kwanza kula. Hadithi hii ni ya mapenzi, nakuhakikishia, lakini inanuka tangu mwanzo, na mimi sina manukato ya kuipulizia.

Ilianza kwenye kituo cha mafuta, njia ya kwenda bandarini, saa tatu asubuhi, msimu wa korosho. Malori ya magunia yalikuwa yamejipanga hadi barabarani, madereva wakipigiana honi na kutukanana. Katikati ya vurugu hiyo ilisimama pikapu nyeupe, safi kama sahani ya mgeni. Kando yake alikuwa mwenyewe, Somoe binti Yassini, kavaa dera la kijani na ushungi wa rangi ya maziwa, anapima oili. Alikuwa ameuza vitenge miaka sita hadi akalipata gari hilo, na hakuna fundi aliyeruhusiwa kulifungua yeye akiwa hayupo. Lilibeba saruji, vitanda, korosho, hata mbuzi wa hitima. Samaki, hapana. Hilo aliliandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa nyuma: HAIBEBI SAMAKI.

Pikipiki moja ikaja mbio, ikakwepa lori, ikayumba, na kamba ya kreti lililofungwa nyuma ikakatika. Pweza wanane wakatua ndani ya bodi ya pikapu, wakifuatwa na maji ya kijivu, mazito kama makamasi, yaliyolala kwenye kreti tangu jana. Somoe akaziba pua kwa ushungi.

"We kaka! Hujui kusoma?"

"Mimi najua, dada'ngu. Pweza ndio hawajui," akasema mwenye pikipiki. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye magamba ya samaki mpaka kwenye nyusi.

"Utaosha. Sasa hivi. Sitoki hapa na uchafu wako."

Hakubisha. Aliokota pweza wake, akaomba mpira wa maji na sabuni, akasugua bodi yote. Kisha, Somoe alipodhani kazi imekwisha, akalala chali kwenye saruji iliyolowa na kuingia chini ya gari.

"Huko unatafuta nini?"

"Maji ya pweza yana chumvi, bibie. Yanaingia kwenye kona za chasisi, yanakula chuma polepole. Juu utaona panang'aa, kumbe chini panaoza."

Miaka mitatu Somoe alikuwa akiwaambia madereva wa kukodi maneno hayohayo, na hakuna aliyemsikiliza. Akaitazama miguu iliyochomoza chini ya gari lake, ndani ya gambuti zilizogandiwa na utumbo wa samaki. Akasikia kichefuchefu, na pamoja nacho akasikia kitu kingine ambacho hakukitaka kabisa.

"Unaitwa nani?"

"Bwanaheri. Nanunua samaki Msimbati, nauza soko la Feri. Na wewe ndiye Bi Haibebi Samaki?"

Somoe akacheka, pua bado kaziba.

Ikawa simu asubuhi, simu mchana, simu jioni.

"Umeoga?"

"Mara mbili, mpenzi. Sabuni ya magadi, halafu limau."

"Na kwenye kucha?"

"Kwa mswaki. Unioneshe mume mwingine Mtwara nzima anayeswaki kucha."

"Bado hujawa mume. Haya, njoo, nimepika mihogo ya nazi."

Alipokuwa ameoga, alikaribishwa kama waziri. Asipooga, wakikutana njiani anatoka Feri, Somoe alimpa lifti, lakini nyuma, juu ya turubai. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne anapitishwa katikati ya mji kwenye bodi kama mbuzi wa Idi, anawapungia mkono wenzake. Wenzake walimtania, naye alicheka nao. Lakini siku hizo akishuka hakuwa na maneno mengi, na Somoe hakuwahi kuuliza kwa nini.

Mambo yakaiva. Jumapili ya mwisho ya mwezi, mjomba wake Bwanaheri, Hemedi, angetoka Msimbati kuleta barua ya posa. Siku chache kabla, mama yake Bwanaheri, huko Msimbati, alihitaji mabati, na Somoe akafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu: akampa ufunguo.

"Ukifika kwenye mchanga punguza upepo wa matairi. Usipite majini. Ukirudi, osha chini kwa maji ya bomba."

"Ndiyo, mkuu wa kikosi."

Jumatano jioni gari likarudi linametameta mpaka kwenye vifuniko vya matairi. Somoe akalizunguka mara mbili na kuridhika.

Ijumaa asubuhi alifungua mlango wa kabini, na harufu ikampiga usoni. Si shombo tu. Ilikuwa nzito, yenye utamu wa kuchukiza, ya kitu kilichoanza kuyeyuka. Ilikaa kwenye viti, kwenye usukani, na alipomeza mate aliionja. Akatapika kando ya tairi. Alipoingiza tena kichwa alinusa na kitu cha pili, kwa mbali: limau. Akapiga simu hapohapo.

"Bwanaheri, ulibeba nini kutoka Msimbati?"

"Sikubeba kitu, mpenzi. Nilirudi mtupu."

"Usinifanye mtoto. Gari inanuka mzoga! Na limau. Mtu anapaka limau kwenye kiti kama hafichi shombo?"

"Limau nilipaka mimi," akasema.

"Ahaa!"

"Nilikuwa nimekaa hapo, Somoe, kwenda na kurudi. Nilioga, lakini niliogopa utaninusa. Nikafuta kila nilipogusa."

Maneno hayo yalistahili kusikilizwa. Somoe hakuyasikiliza.

"Nimekuamini na ufunguo wangu, umenijazia uozo, halafu unanidanganya. Mwambie mjomba wako Jumapili asije."

"Somoe, samaki nawajua. Hebu nieleze hiyo harufu iko—"

Akakata simu.

Alisugua kabini kwa sabuni ya unga, akamwaga dawa ya chooni, akaweka mkaa chini ya viti, akafukiza ubani. Ubani juu ya mzoga! Jaribu siku moja, kisha uniambie. Jumamosi asubuhi nzi walikuwa wanamsubiri ndani kama abiria. Mwanaisha, mteja wake wa siku nyingi, alileta magodoro ya bintiye anayeolewa, akasogea hatua mbili, akarudi nyuma.

"Mwanangu hawezi kulalia hiyo, Somoe. Nisamehe, nitatafuta gari nyingine."

Somoe aliondoka kichwa kiko nje ya dirisha. Joto lilipomzidi akawasha feni ya kiyoyozi. Tundu la upepo likakohoa, na funza mmoja mnene, mweupe, akadondoka kwenye paja lake, juu ya dera, akaanza kujinyonga-nyonga. Yowe alilopiga lilisikika mtaa mzima wa Magomeni. Bahati nzuri ndiko alikokuwa fundi wake, Paulo.

Paulo akafunga kitambaa puani, akalala chini ya dashibodi, akafungua skrubu za feni. Akaingiza mkono. Alipouvuta, ulitoka na mkia, na nyuma ya mkia panya mzima, kavimba, manyoya yanabaki kwenye vidole vya fundi. Mdomoni mwake mlikuwa na chembe za rangi ya waridi.

"Huyu kala sumu, mama. Nani kaweka sumu humu?"

Somoe akakaa juu ya tairi kuukuu. Sumu aliiweka yeye. Wiki mbili nyuma alilaza gari kwenye ghala la korosho, panya wakatafuna nyaya, naye akasukumia pakiti tatu chini ya kiti na kujipongeza kwa akili.

"Sumu haimuui palepale," Paulo akaendelea. "Inampa nafasi ya kutafuta pa kufia."

"Kwa hiyo siyo samaki?"

"Samaki anaingiaje kwenye feni, mama?"

Panya alitupwa, kabini ikaoshwa, harufu ikapungua. Lakini Somoe hakupata nafuu. Alikuwa anamwona mwanamume mzima na kipande cha limau mkononi, peke yake ndani ya gari, anafuta usukani, anafuta gia, anafuta kitasa, anajifuta mwenyewe asibaki hata kidogo. Akajiona mchafu kuliko yule panya.

Alimpigia Bwanaheri simu mara nne. Haikupokelewa.

Jumapili asubuhi akaenda Feri, mahali alipoapa hatakanyaga. Kulikuwa na mvua tangu alfajiri. Damu na maji vilitiririka kati ya vidole vyake vya miguu, paka walikuwa wanagombania matumbo, na mzee mmoja alipenga kamasi karibu na meza ya changu. Bwanaheri alikuwa anampigapiga pweza kwenye saruji ili alainike. Alimwona, hakuacha kupiga.

"Karibu, mteja. Pweza au changu?"

"Ni panya, Bwanaheri. Alifia kwenye feni. Sumu niliweka mimi."

"Pole kwa panya."

"Nimekukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Akamgeuza pweza. "Lakini mimi nitanuka hivi miaka yote, Somoe. Nitazeeka nanuka. Watoto nitawabeba nanuka. Na wao utawapandisha nyuma, kwenye turubai?"

Somoe aliitazama mikono ya Bwanaheri: ute hadi kwenye kiwiko, uzi wa utumbo umenasa kwenye saa. Akaenda kwenye pikapu, akafungua mlango wa abiria.

"Panda mbele."

"Ngoja nikaoge."

"Panda hivyohivyo."

"Na gambuti?"

"Na gambuti."

Mtu mmoja akapiga mluzi. Bwanaheri akapanda, akakaa ukingoni mwa kiti, mikono kainua juu asiguse kitu. Somoe akaushika mmoja, akaubandika juu ya dashibodi. Ulipoondoka uliacha alama yenye magamba mawili, naye hakuifuta.

Kisha akatoa simu. Mwanamke hapigi simu kuulizia posa yake mwenyewe, Somoe alipiga.

"Shikamoo, mjomba Hemedi."

"Marahaba, binti. Mwenzio kaniambia hutaki tena."

"Nilikosea, mjomba. Barua bado ipo?"

"Ipo. Sijaichana. Ila leo nitapata wapi usafiri na mvua hii?"

"Nakufuata mwenyewe. Nipo na mpwa wako."

Bwanaheri alikuwa anamtazama, mdomo wazi. Walipoiacha lami ya mjini, akanyoosha mkono taratibu kushusha kioo upande wake, kwa kumwonea huruma.

"Acha," Somoe akasema. "Vumbi litaingia."

Mvua ilikuwa inanyesha, na njia nzima ya Msimbati haikuwa na vumbi. Mimi ningeteremka palepale. Somoe akapandisha na kioo cha upande wake, akapumua kwa mdomo, akatia gia.