Mmea wa Chumba cha Nyuma

Fundi cherehani alipofungua chumba cha nyuma, siku chache baada ya kumzika mama mkwe wake, aliukuta mmea wa marehemu umerefuka kupita kiasi: shina jembamba, limepauka, majani madogo yameachana mbalimbali. Haukuinamia dirisha. Uliinamia mlango.

"Umekosa mwanga tu, shoga," jirani alimwambia. "Ukate juu ya kifundo, uuweke dirishani, uwe unaugeuza. Utanenepa."

Maneno yale yalimchoma. Ni yeye aliyemhamishia mgonjwa kwenye chumba kile cha giza, ili sebule yenye dirisha kubwa ibaki ya cherehani na wateja.

Mkasi ulipobana shina, chumba kilijaa harufu ya dawa ya kuchua, na nyuma yake kitanda kitupu kikalia, kama mtu amegeuka ubavu. Akaupeleka dirishani hivyo hivyo. Kufikia jioni chipukizi lilikuwa limetoka, refu, limelipa jua kisogo. Akaugeuza mmea, likamrudia. Akahamisha kiti, likamfuata, na kila alipokanyaga pedali alisikia, chini ya mlio wa cherehani, kikohozi kile alichokijua, kikavu, cha mtu anayeogopa kuwasumbua wenye nyumba.

Mumewe akaleta mganga. Mzee yule aliingia chumba cha nyuma peke yake, akatoka jasho likimtiririka.

"Si marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Mama aliita, hakuitikiwa. Huyu akamwitikia, mwanangu, kwa sauti yako. Mama amekufa akidhani umekuja. Kumtoa nitajaribu. Ila sema ulikuwa wapi."

Fundi hakuthubutu kumtazama mumewe. "Hapo kwenye cherehani," alinong'ona. "Nilimsikia, baba. Nikazidi kukanyaga pedali."

Mganga akasoma, akafukiza, na mmea ukalegea, ukanyauka mbele ya macho yao. Akaaga. Mume alitoka uani, akakaa chini, akalia kimya kimya.

Fundi alibaki sebuleni, hajui aende akamshike bega au asiende.

"Mke wangu," mumewe aliita hatimaye, kwa upole ambao hakuutarajia.

Fundi akafungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, chumba cha nyuma kikaitika, kwa sauti ya fundi mwenyewe, tamu, ya haraka:

"Abee. Nakuja."