Vikao Visivyofungwa

Kila Jumamosi Mwepesi, msichana wa miaka kumi na tatu, alifuatana na shangazi yake hadi zahanati. Shangazi ndiye aliyeunda programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na alikuwa akimfundisha kazi hiyo.

Programu iliposoma kumbukumbu, ilifungua kikao cha mawasiliano na kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu zote. Ghala lilipokea vikao ishirini tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo shangazi alikuwa na sheria: sehemu yoyote ya programu isijifungulie kikao. Ipewe na msimamizi mmoja, yaani kipande maalumu cha programu hiyohiyo, naye akifunge kazi ikiisha, hata ikiharibika katikati.

Mwepesi alipewa sehemu ya kutafuta majina. Akaona kumpitia msimamizi ni kujichosha. Akaiacha ijifungulie yenyewe, na hakuandika mahali pa kufunga. Alipoulizwa, alisema amefuata sheria. Shangazi aliijaribu mara tatu, ikakubali, naye akamwamini.

Jumatatu programu ilishinda inafanya kazi bila kuzimwa, na kila jina lililotafutwa liliacha kikao wazi. Jina la ishirini na moja lilikuwa la fundi cherehani, jirani yao. Kompyuta ikagoma. Muuguzi alimuuliza fundi kama kuna dawa inayomdhuru, lakini mama wa watu alikuwa anawaka homa, hakukumbuka. Akapewa dawa ileile ambayo kumbukumbu zake zilikataza.

Siku ya tatu alilazwa, mwili mzima malengelenge, macho yamevimba. Shangazi alidhani umeme ndio ulioleta hitilafu, akawa anakagua nyaya. Mwepesi alimtazama. Jioni akamfuata.

"Shangazi, nilikudanganya. Vile vikao sikufunga hata kimoja."

Shangazi aliziacha nyaya, akaketi kwenye kompyuta. Kisha wakarekebisha pamoja, mstari kwa mstari. Wakatafuta majina mia mbili mfululizo, na hakuna kikao kilichobaki wazi.

Kesho yake walikwenda wodini kumwomba radhi fundi, wakamweleza yote. Alipona baada ya majuma kadhaa, ila jicho la kulia halikuliona tena tundu la sindano.

"Mimi nami nina kosa, sikukagua," shangazi alimwambia walipotoka. "Lakini kosa lako lilikuwa la kurekebishwa kwa dakika tano, mwanangu. Uongo ndio uliolificha mpaka likamfikia mtu. Ukikosea, sema mapema, kungali na cha kuokoa."