Salamu za Dokta Yustina

"Ameamka, Mosi, ameamka na anadai uji, ingawa hapewi bado!"

Mdogo wangu Mosi alikuwa anafagia uwanja wetu hapa Kihonda, keshavaa sare za shule. Akaegemeza fagio ukutani. "Dada Shamimu, shikamoo kwanza. Nani kaamka?"

"Marahaba. Sufiani. Mkubwa kama wewe. Jana mama yake kamleta hospitali kutoka Kinole, kaanguka kwenye mfenesi."

Nikamsimulia palepale, hata viatu sijavua.

Usiku tulikuwa zamu mimi na Idrisa, wote madaktari wa mafunzo. Sufiani alipofika alikuwa anaongea vizuri. Baadaye tumbo likawa gumu, mapigo ya moyo yakaanza kwenda mbio, midomo ikapauka. Nikamwambia Idrisa, "Huyu anavuja damu ndani. Mpigie Dokta Yustina." Ndiye daktari wa upasuaji anayetusimamia, na muda huo alikuwa kwake.

"Nimeshamwandikia."

"Umemwandikia nini?"

Akanionyesha simu. *Shikamoo dokta. Samahani kwa usumbufu.* Basi.

"Na mgonjwa je?"

"Nasubiri aitikie. Utamwanzaje mtu mzima na shida kabla ya salamu?"

"Idrisa, mtu mzima kalala. Wewe unangoja marahaba, mtoto anaisha."

"Juzi nilimwamsha kwa ajili ya kikohozi tu cha mgonjwa, akanifokea."

"Leo atanifokea mimi."

Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena, na tena, mkono mmoja nimemshika Sufiani. Ilipopokelewa, ulimi ukaniponza na mimi: "Shikamoo dokta, samahani sana, habari za nyumbani..."

"Mgonjwa, Shamimu. Salamu nitakudai asubuhi."

"Mtoto kaanguka mtini. Tumbo gumu, mapigo yanapanda, anapauka. Naomba uje sasa hivi."

"Tafuteni damu, andaeni chumba cha upasuaji. Natoka."

Alikuja na kandambili. Kweli, bandama ilikuwa imepasuka. Alimfanyia upasuaji, damu ikakoma.

Asubuhi akatuita. Nikajua sasa tunafokewa. Akamgeukia Idrisa. "Juzi nilikosea kukufokea. Ndiyo maana jana uliogopa. Lakini sikilizeni: kuniamsha si kunivunjia heshima. Ukiona hatari, taja hatari kwanza, hata unayempigia awe mkubwa namna gani. Asipopokea, piga tena." Halafu akajiweka sawa. "Haya, shikamoo zangu ziko wapi?"

Tukamwamkia kwa pamoja kama watoto wa chekechea.

Mosi alicheka, kisha akauliza, "Na huo mfenesi ni wa nani?"

"Nimemuuliza. Kamtazama mama yake, kafumba macho: 'Dada dokta, hilo nitasema kesho, mama akitoka kidogo.'"

"Ukamwachia?"

"Nilimuuliza kwanza kama anaumwa popote. Kasema kidonda tu, na nesi kampa dawa. Ya mfenesi yanaweza kungoja."

Mosi akachukua fagio lake. "Mimi siwezi kungoja."

"Utangoja. Kesho nikitoka zamu nakwambia yote, kabla hujanipa hata shikamoo."