Dumu la Maji la Mama Queen

Asubuhi za Newala ni ukungu na sweta. Flora alikulia huko, na mtoto wake Queen, wa miaka minne, hakutoka nje bila sweta na kofia ya uzi.

Jambo jingine ambalo Flora hakulifanyia mzaha ni maji. Nyumbani kwake maji ya kusuuzia vyombo yalikwenda kufua matambara, kisha yakaishia kwenye mgomba. Akimwona mtu anamwaga maji chini, moyo wake ulishtuka kama ameona nyumba inaungua.

Mwezi wa kumi, yeye na mumewe Dickson waliteremka na Queen hadi Masasi kumtembelea Ethel, dada yake Dickson. Ethel ni mhudumu wa afya wa mtaa wao. Kwa utani hana mpinzani.

"Shikamoo, shangazi," Queen alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa hivyo? Mama yako kakuambia mnakwenda kwenye baridi ya Makete?"

"Wifi, mwache mtoto," Flora alisema. "Akipata kifua, utamlea wewe?"

Jumapili walipanga kwenda kutembea kwenye majabali nje ya mji. Ethel alikuwa na mgonjwa wa kumwona kwanza.

"Tangulieni, nitawafuata," alisema. "Ila tokeni mapema. Jua la Masasi halina adabu kwa wageni."

Hawakutoka mapema. Mihogo ilichelewa kuiva, Dickson akachelewa kupata viatu vyake. Walitoka saa tano. Flora alijitwika dumu la lita kumi. Queen alivaa sweta lake na kofia ya uzi.

Kwenye majabali, Queen alikimbia, akapanda, akateleza, akacheka. Jiwe lilikuwa la moto kama kikaango.

"Mama, maji."

"Umekunywa sasa hivi. Subiri tule."

Baadaye akaomba tena. Flora akampa nusu kikombe. Dumu lilikuwa bado limejaa karibu lote, naye alishapiga hesabu ya kurudi nalo nyumbani kwa wifi yake likiwa na maji ya kupikia.

Queen hakuomba mara ya tatu. Alikuja akakaa kimya miguuni kwa mama yake. Flora akafurahi kwamba mtoto ametulia.

Kisha Queen akatapika.

Flora alimgusa shingo. Ngozi ilikuwa kavu, na moto wake ulimfanya aondoe mkono. "Baba Queen, mtoto ana homa."

"Queen," Dickson aliita. "Queen, mimi nani?"

Mtoto alimtazama kama hamjui. Akasema maneno yasiyoeleweka, macho yakalegea.

Flora alimpakata. Alimkumbuka mtoto wa jirani yake Newala, aliyeanza hivihivi na hakufika jioni. Akafungua kitenge chake haraka, akamfunika Queen mpaka kichwani. Kwao mtu mwenye homa hufunikwa. Akamkumbatia kwa nguvu. Kadiri alivyomkumbatia, ndivyo mtoto alivyozidi kuchemka.

Hapo Ethel akatokea, kapu la machungwa mkononi. Alipowaona, utani ulimtoka usoni.

"Mfunue."

"Ana homa, wifi."

"Mfunue, Flora. Joto ndilo linalomuua."

Ethel aliangusha kapu. Walimbeba Queen hadi chini ya mkorosho. Ethel akavuta sweta, akamvua kofia na gauni. "Kaka, ita bajaji. Kimbia." Dickson akakimbia huku anapiga simu.

"Mama Queen, lete maji. Mmwagie."

Flora alijaza kikombe, akapeleka mdomoni kwa mtoto. Ethel akamzuia mkono.

"Hajitambui. Ukimpa yatampalia. Mmwagie mwilini. Kichwani, shingoni, kwapani."

Flora alimimina kidogo, kwa uangalifu, kama anayepima dawa. Hata sasa mkono wake ulibana maji.

"Wifi," Ethel alisema polepole, "unamhifadhia nani?"

Flora akalitazama dumu. Akamtazama mtoto. Akalinyanyua kwa mikono miwili, akamwaga. Maji yalimlowanisha Queen mwili mzima, yakapotea mchangani. Ethel alipepea kwa kitenge bila kupumzika. Flora akamwaga tena. Hakusikia kingine ila pumzi ya mtoto, fupi, ya haraka. Aliihesabu. Aliogopa isije ikakatika.

Bajaji ilipofika, Queen alilia. Kilio chembamba, cha kuudhika.

"Mama, baridi."

Flora akakaa chini, akalia yeye.

"Bado twende hospitali," Ethel alisema. "Asituhadae kwa kilio." Njiani walizidi kumpepea na kumlowanisha. Alipokuwa macho kabisa, wakamnywesha maji kidogokidogo.

Hospitalini walimpima malaria. Hakuwa nayo. Daktari alisema joto lilizidi mwilini, na kwamba yale maji ya chini ya mkorosho ndiyo yaliyompa mtoto nafasi.

Jioni Flora alimuuliza Ethel, "Ningejuaje?"

"Mtoto akikimbia juani hasubiriwi aombe maji. Mpe kila mara. Mvishe nguo nyepesi na kofia ya kumkinga jua, si ya uzi. Toka alfajiri, au ngoja saa kumi jioni. Na mtoto aliyekuwa anakimbia akinyamaza ghafla, usifurahi. Mguse."

Mwezi wa kumi na mbili walirudi kwenye majabali. Safari hii walifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakiwa na madumu mawili. Queen alivaa gauni la pamba. Ethel alilitafuta sweta kwenye kapu, hakuliona.

"Wifi, mmeliuza?"

"Liko Newala, linalinda nyumba."

Saa tatu na nusu, walipokuwa wanafunga virago, Queen alijaza kikombe, akanywa, na yaliyobaki akajimiminia kichwani huku akicheka. Mkono wa Flora ulikwenda chini haraka kuyakinga, kama ulivyozoea tangu utotoni.

Kisha akaurudisha, akayaacha yaende mchangani.