Maji ya Ziwa Urran

Picha ilikataa kukauka. Ninian Geddes aliimaliza alasiri, akaiegemeza karibu na moto wa jikoni kama kawaida yake, na rangi za maji hukauka kabla hata chai haijapoa. Asubuhi mkewe, Marsaili, aliigusa kwa bahati mbaya akipita na sufuria ya uji wa shayiri, na kidole chake kikatoka na buluu.

"Karatasi mbovu hiyo," Ninian alisema. "Yule muuzaji wa Edinburgh kaniuzia takataka."

"Karatasi gani inayonuka hivi?"

Ilikuwa inanuka kweli, harufu ya majani ya majini yaliyooza. Ninian aliisogeza karibu zaidi na moto, akaenda zake kuchora.

Alikuwa mtu wa Dundee, mtoto wa mfuma magunia, aliyeacha kazi ya maana, kwa maneno ya baba yake, ili akachore milima. Kila mwaka alipeleka picha kwenye maonyesho ya Edinburgh, na kila mwaka zilirudishwa. Ndipo walipohamia kwa kina Marsaili, katika nyumba aliyoacha mama yake kwenye mteremko ulio juu ya Ziwa Urran, na hapo mkono wa Ninian ukafunguka. Alilichora ziwa lile mpaka mtu akitazama picha anahisi ubaridi usoni. Kutwa alikaa juu ya jiwe ufukoni, akichovya brashi kwenye maji na rangi, akiilamba ncha ili ichongoke, akichora, kisha akiilamba tena. Jioni alirudi na ulimi wa kijani.

"Utakuja kufa na rangi tumboni," Marsaili alikuwa akimtania.

"Basi unizike ndani ya fremu."

Siku zile walicheka sana.

Picha ile ilikuwa bado mbichi siku Marsaili alipomkalisha binti yao Morag mbele ya moto ili amchane. Mtoto alikuwa bado na meno ya utoto, na nywele zake zilikuwa zimelowa chapachapa. Kitana kilinasa jani refu la majini.

"Ulitoka nje, wewe?"

"Hapana, mama. Farasi ndiye aliyeingia."

"Farasi gani?"

"Mweusi. Ana kiu. Anasema baba kachukua maji yake."

Kitana kilimponyoka Marsaili. Alikuwa amezaliwa kwenye bonde lile, na alijua mtoto anamsema nani. Watu wa pale hawakumtaja kwa jina lake. Walimwita Yule wa Chini. Ni jini wa maji, na huja kwa umbo la farasi mzuri, mpole, anayesimama kimya ili mtoto ampapase shingo. Kiganja kinachompapasa hakibanduki tena.

Jioni, Ninian hajavua hata koti, mkewe alimshika mkono.

"Maji ya kuchorea unayateka wapi?"

"Ziwani. Kisima kiko kule juu, nami nimelikalia ziwa. Kwa nini?"

"Na ulimwaga ya kwanza?"

"Nimmwagie nani?"

Marsaili alikaa kitako. Pale bondeni, anayechota maji Urran humwaga tone la kwanza palepale, akasema, "Lako hili," ndipo achote yake. Watoto hufundishwa jambo hilo pamoja na kufuta miguu mlangoni, na hakuna anayekumbuka kumwambia mtu mzima, kama vile hakuna anayemkumbusha mtu mzima kuvua kofia kanisani. Yeye alidhani mumewe bado anabeba maji ya kisima kwenye chupa, kama alivyofanya siku za mwanzo. Kiangazi chote Ninian alikuwa amechota bila kumpa mwenyewe hata tone.

"Nyie watu wa milimani!" Ninian aliangua kicheko. "Mnamsikiliza mchungaji Jumapili nzima, mkitoka mnamnywesha farasi asiyekuwepo."

"Cheka tu. Lakini usichote tena, nakuomba."

"Nimebakiza kumalizia moja, Marsaili. Moja tu, na hiyo ndiyo ya maonyesho ya Edinburgh."

Ukungu ulishuka siku iliyofuata, ukaziba bonde mchana kweupe. Ninian alikaa ndani akinung'unika kwamba hakuna cha kuchora. Marsaili alikuwa akikanda mkate aliposikia kwato zikizunguka nyumba taratibu, bila haraka, kila hatua ikifuatiwa na sauti ya maji yanayodondoka, na alipogeuka kumwita Morag akaona kiti kitupu na mlango wazi. Alitoka mbio bila viatu, Ninian nyuma yake, wote wawili wakiita, na ukungu ukiyameza majina wanayoita na kuwarudishia kutoka upande mwingine, hata hawakujua tena ziwa liko wapi, mpaka miguu ikaingia kwenye maji ya baridi, na pale mbele, maji yakimfika kifuani, wakamwona binti yao akitembea polepole kuelekea kilindini, mkono mmoja ameunyoosha juu, kiganja kimelala kwenye kitu kirefu cheusi chenye kupumua.

Ninian alimvuta. Mkono haukubanduka. Alimvuta tena akilia kwa sauti ambayo Marsaili hakuwahi kuisikia kwa mumewe, na safari hii mkono uliachia, na ngozi ya kiganja ikabaki huko.

Hakucheka tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita Peigi, ajuza aliyewazalisha wanawake wote wa bonde na ndiye pia aliyeitwa mambo ya namna hii yalipotokea. Peigi alimfunga mtoto kiganja, kisha akainusa picha.

"Huyu hadai damu, wanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Anadai maji. Mrudishieni yote. Tone likibaki atalifuata lilipo, na asipolipata atachukua kipenzi cha aliyemnyima."

"Nirudishe vipi?" Ninian akauliza. "Yako ndani ya picha."

"Basi umeshajua."

Walishuka ziwani pamoja. Ninian alizamisha picha moja baada ya nyingine, akizisugua kwa viganja mpaka karatasi zikabaki nyeupe. Ile ya Edinburgh, iliyobakia kidogo tu kumalizika na ambayo tayari alikuwa ameijaribishia fremu, aliishika muda mrefu. Ilikuwa kazi bora ya maisha yake, naye alijua. Kisha akaitoa kwenye fremu na kuisugua pia, machozi yakimtiririka.

Asubuhi nywele za Morag zilikuwa kavu. Nyumba ilinukia mkate na moshi, basi. Marsaili alifurahi mpaka akaona haya, kwa kuwa mumewe alikuwa amekaa mezani kama mfiwa.

"Chora," alimwambia. "Chora chochote. Nimekuletea maji ya kisima, nimeyateka mwenyewe."

Ninian alichora dirisha na kilima kilichokuwa ng'ambo yake, picha ndogo tu. Waliiweka mbele ya moto, wakanywa chai, wakazungumza. Baadaye Ninian aliigusa, na kidole kikatoka na kijani.

"Maji ni ya kisima," Marsaili alinong'ona. "Naapa, Ninian, ni ya kisima."

"Najua."

Alikaa akiitazama picha, akiwaza, na mkono wake, bila yeye kujua, ukaipeleka brashi mdomoni. Akailamba ncha.

Marsaili alimwona. Ninian alimwona akimwona, na mkono wake ukaganda hewani. Kiangazi kizima, kutwa, kila siku.

"Yamo humu," alisema, akijigusa kifua.

"Twende kwa Peigi. Atakutapisha, atajua la kufanya, twende sasa hivi!"

"Sikiliza."

Kwato zilikuwa zimesimama nje ya mlango. Maji yalipenya chini ya ubao, na Morag, bado na gauni la kulalia, alikuwa amesimama katikati ya maji hayo, mkono wake usio na jeraha ukiwa kwenye komeo.

"Mama, amerudi," alisema kwa furaha.

Ninian alimbeba, akambusu utosini, akamtia mikononi mwa mama yake. "Mshike. Mshike kwa mikono yote miwili, Marsaili. Usimwachie hata nikikuita."

Marsaili hakumzuia. Alimpenda mwanamume yule kuliko alivyowahi kumwambia, na hakumzuia, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa mtoto. Ninian alifungua mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake kwa upole, kama anayeogopa kuamsha watu. Kisha Marsaili akasikia sauti yake kutoka nje ikisema maneno ambayo kila mtoto wa bonde lile huyajua.

"Lako hili."

Kwato ziliteremka kuelekea ziwani. Ninian hakuita hata mara moja.

Marsaili alikaa na mtoto kifuani mpaka maji ya sakafuni yakakauka. Ndipo aliponyoosha mkono mezani, akagusa kile kilima kidogo cha kijani.

Karatasi ilikuwa kavu.