Mguu wa Kwanza Siku ya Ignat

"Bibi harusi tumempata!" sauti ya mwanamume ilipaa juu ya makelele ya Soko la Wanawake, katikati ya mji wa Sofia, na kabla Ralitsa hajageuka, kitambaa cheupe cha pazia kilikuwa kimeshatua kichwani mwake.

Alikuwa amekumbatia kabichi mbili za kutia chumvi kwenye pipa, maana ilikuwa Oktoba. Koti lake la kijivu lilifungwa hadi kidevuni. Aliyemvika pazia alivaa suti ya rangi ya haradali, na nyuma yake wauza jibini na wapita njia walikwisha kushikana mikono kucheza horo, ngoma ya mduara, huku zumari likilia.

"Bwana harusi ni nani?" Ralitsa akauliza kwa ukali.

"Hayupo. Harusi hii haina maharusi, ina waalikwa tu. Ukipenda, nitajitolea."

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu, bibie."

"Kila mtu anauza kitu."

Alilipwa kutoamini watu, huyo. Alikuwa mkaguzi wa madai ya bima. Ukimpa picha ya gari lililogongwa, atauliza kwanza mpiga picha alisimama wapi. Naye Ignat, yule wa suti ya haradali, kazi yake ilikuwa kuzua sherehe: karamu kati ya barabara, maandamano ya watu wanaotembea kinyumenyume. Aliiita sanaa, na ilikuwa sanaa kweli, kwa sababu watu wa mji huu, ambao hawacheki ovyo, walirudi makwao wakicheka. Lakini hebu mpe moyo wako mtu wa namna hiyo, uone kama utapata usingizi.

Ralitsa alimpa, kwani mapenzi hayaombi ruhusa.

"Roho yangu," Ignat alimwambia simuni kila jioni, "bila wewe hata supu haina chumvi."

"Hiyo supu umekula na nani?"

"Peke yangu!"

"Mbona nasikia vijiko viwili?"

Ignat akacheka. Ralitsa hakucheka, ila alilala na simu kifuani.

Mwanzoni mwa Desemba alishuka kwenye tramu akakuta kituo kimejaa watu wenye maua. Walikuwa wakiwapokea abiria wasiowajua kama wapenzi waliopotea miaka mingi. Mzee mmoja alimshika mkono mama mnene mwenye mfuko wa vitunguu. "Roho yangu! Bila wewe hata supu haina chumvi!" Pembeni, kijana alikuwa akimwambia polisi maneno yaleyale.

Masikio ya Ralitsa yakawaka moto. Ignat akaja mbio, mikono wazi.

"Hayo ni maneno yangu," Ralitsa alisema.

"Rali, wewe ndiye niliyekuambia kwanza. Yalikuwa matamu, nikaona na wengine wayaonje."

"Kumbe nilikuwa mazoezi! Umeyagawa kama vipande vya jibini vya kuonjesha wateja. Sikiliza, Ignat. Tangu siku ile ya pazia hujanifanyia hata kitu kimoja ambacho hukukipanga. Nitajuaje kama unanipenda, au unanichezesha tu? Niache."

Tangu hapo hakupokea simu zake. Alilia, akanawa uso, akaenda kazini kukagua uongo wa watu wengine.

Ikafika siku ya Mtakatifu Ignat, ambayo ni siku ya jina ya kila Ignat, husherehekewa kama siku ya kuzaliwa. Kwetu mwenye siku ya jina hamwaliki mtu. Ampendaye huja mwenyewe. Na siku hiyo hasa, mguu wa kwanza kuvuka kizingiti ndio huileta bahati ya nyumba kwa mwaka mzima, njema au mbaya. Ralitsa aliyajua yote hayo, na bado alisubiri aalikwe. Simu ilipokaa kimya, shaka ikamtafuna. Akapiga yeye.

"Ignat mpenzi, fungua, vidole vinaganda!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ikisikika kwa mbali simuni.

"Nani huyo?"

"Zornitsa, jirani," Ignat akajibu.

"Anataka nini?"

"Kuingia. Rali, leo siwezi kumfungulia mtu." Akakata.

"Ana mwingine ndani!" Ralitsa akafoka peke yake. Akavaa buti na koti jekundu, akatoka kwa shari.

Ngazi za nyumba ya Ignat zilijaa watu waliokaa na masufuria, keki ya lozi na chupa za rakia, pombe kali ya matunda. Zornitsa alikuwa bibi wa miaka sabini, amepakata sarma za mfungo, wali uliofungwa kwa majani ya kabichi.

"Na wewe umekuja, mwanangu? Tangu asubuhi kajifungia. Hajapata kuwa hivi."

Ralitsa akawatazama kwa jicho la kazini. "Nani kawapanga hapa?"

"Atupange nani? Siku ya jina watu hawapangwi!"

Akagonga mlango kwa ngumi. "Fungua! Mtoe huyo mwanamke!"

Ufunguo ukazunguka. Ignat alisimama na aproni, ndevu hazijanyolewa. Ralitsa akampita, akakagua jikoni, bafuni, hata kabatini. Hakukuwa na mtu wala maua. Meza haikuwa na kitambaa, na maharage yalikuwa yameungua. Huko ngazini watu wakapiga vigelegele: "Kaingia! Kaingia!"

"Wanashangilia nini?"

"Wewe ndiye mguu wa kwanza. Sikutaka mwingine."

"Kwa hiyo ulipanga."

"Ningepanga, ningekuletea tarumbeta! Nimekaa tu, Rali. Nimewafungia nje watu wanaonipenda."

"Kungoja nako ni kupanga."

"Basi nimepanga vibaya."

Ralitsa akamkazia macho. "Unataka kunioa?"

"Nataka. Nataka sana."

"Pete iko wapi?"

Ignat akapapasa mifuko ya aproni, uso ukamwiva. "Sina. Sikudhani utakuja."

Ralitsa akautafuta uongo katika jibu hilo kwa ujuzi wake wote. Hakuuona, na machozi yakamtoka.

"Keti, mwanangu!" Zornitsa akaita mlangoni. "Mguu wa kwanza usipoketi, utaondoka na bahati ya nyumba!"

Ralitsa akavua koti, akaketi. "Haya, nimeketi. Uliza."

Ignat akavua aproni.

"Ralitsa," alisema, asijue la kuongeza.

"Ndiyo," Ralitsa akajibu.